Maua Mengi Kuliko Trei

Juzi nilitia mkono ndani ya rundo la parachichi hapa uani kwangu, Makambako, nikautoa haraka kama mtu aliyeshika chungu kilichotoka jikoni. Rundo lilikuwa la moto. Lilifunikwa turubai siku mbili, linatoka jasho, na chini yake tayari linavuja uji wa kijani uliochanganyika na weusi. Dereva Salumu, ambaye ndiye alikuwa apakie mzigo, alisogea, akainama kuangalia, akarudi nyuma ameziba pua.

"Mama, hii siipakii," akasema. "Mzigo huu ukifika kwa wenyewe utanifanya nionekane mwizi."

Simlaumu. Niliyemwita ni msimamizi wangu, mjukuu wa mdogo wangu, kijana mwenye cheti cha chuo.

"Lori hili linabeba kiasi gani?"

"Linajulikana, Bibi. Lori moja."

"Na ninyi mmechuma ya malori mangapi?"

Akajikuna kichwa. "Kama matatu hivi. Lakini mpango wa siku ulisema tumalize shamba lote, Bibi."

Akanionyesha huo mpango kwenye simu. Ulikuwa na rangi kama kitenge. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka jioni, kazi kumi na saba zimepangwa zikifuatana, moja inaanza dakika ileile nyingine inapokwisha, wala hakuna hata nafasi ya mtu kwenda kujisaidia. Nikamuuliza, huyu binadamu uliyempangia hivi, anaishi wapi? Akacheka. Mimi nikatema mate chini.

Si hasara iliyonikera. Nimezika mizigo mingi katika maisha yangu na bado ghala hizi ni zangu, malori yale ni yangu, na yote nimeyapata kwa elimu ya darasa la nne. Kilichonikera ni ule moto ndani ya rundo, ile harufu, halafu mtu ananiambia "mpango wa siku". Ninyi wa rika langu mliokulia kwenye pareto mtanielewa upesi. Wengine itabidi niwaeleze.

Nyumbani kwetu ni Kichiwa. Pareto yetu ilikuwa nyuma ya nyumba, inapanda kilima mpaka kwenye miti ya miwati, na ikichanua ungedhani baridi imegandia pale na kukataa kuondoka, weupe mtupu. Maua yenyewe ni madogo, yana kitovu cha njano. Unayachuma vichwa tu, unaacha kikonyo, vidole vinawasha, pua inapiga chafya, na jioni ukijisahau ukajifikicha macho utalia mpaka mama akuoshe kwa maziwa. Lakini kuchuma ndiyo kazi ndogo. Kazi kubwa ni kukausha. Ua la pareto ukilichuma leo, leo hiyohiyo liwe limetandazwa. Ukiliacha limerundikwa linajipika lenyewe.

Masika yetu hayana jua la kuaminika. Ukungu unaweza kukaa mlangoni siku tatu. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na kibanda cha kukaushia, moto wa kuni za miwati chini, na juu yake trei za wavu. Sisi tulikuwa na trei kumi na mbili. Kila trei ilimeza kikapu kimoja, na kwa masika ilihitaji siku mbili juu ya moto. Hesabu hiyo mama yangu hakuiandika popote, maana kuandika hakujua. Alikuwa anaingia kibandani asubuhi, anapitisha kiganja juu ya kila trei, anachukua ua moja analivunja kwa kucha, anasikiliza. Ndiyo, anasikiliza. Halafu anatoka na kusema, "Leo vikapu sita."

Basi. Sita. Hata kilima kizima kiwe cheupe, sita. Tukifika vikapu sita anafunga kazi ya pareto, tunakwenda kwenye maharage, au anatuambia tukaoge. Mimi nilikuwa namwonea aibu. Niliamini mama yangu ni mvivu, na nilijua kwa nini niliamini hivyo: kwa sababu nilikuwa na Baba wa kumlinganisha naye.

Baba alikuwa amekaa miaka mingi Tanga kwenye mkonge, kama wanaume wengi wa kwetu walivyokwenda. Huko alipanda cheo akawa nyapara. Alirudi na koti la kaki, filimbi, na daftari lenye jalada gumu, na kijiji kizima kikaacha jina lake kikamwita Nyapara. Asubuhi, sisi tukiwa tunaota moto, alisimama mlangoni akapuliza filimbi. Tunatoka. Tunasimama mstari: Mama, mimi, na wadogo zangu wawili ambao mmoja alikuwa bado anavaa shati tu bila kaptura. Watu wanne. Baba anatuangalia kama watu mia nne.

"Kazi za leo!" anasema, kwa Kiswahili, maana Kibena hakikutosha kwa jambo kama hilo. "Moja, palizi, bonde la chini, lote. Mbili, pareto, kilima chote. Tatu, kuziba paa. Nne, kuchimba choo kipya. Tano, mimi nakwenda Njombe kuulizia mbolea. Maswali?"

Hakuna maswali. Anachomoa penseli nyuma ya sikio, anaweka alama ya vema mbele ya kila kazi, palepale, kabla mtu hajashika jembe. Kwenye mkonge alizoea hivyo: akishasema, kipande cha kila mtu kimeshagawanywa, wapo vijana mia wa kutoa jasho, na jioni kazi imeisha kweli. Hakuwahi kujiuliza jasho lile lilikuwa la nani. Mimi mtoto nikaelewa kwamba ile alama ndiyo inayofanya kazi iishe. Nilikuwa nalala nikijua tuna choo kipya. Choo chenyewe kilichimbwa mpaka magotini, mvua ikajaa, vyura wakahamia, na sisi tukaendelea kwenda kwenye miwati na majani mkononi. Miaka mitatu! Lakini daftarini kilishachimbwa mara zisizo na idadi. Nikikumbuka lile shimo, na maji yake ya kahawia, na mwanamume mzima analipita kila siku akiwa na filimbi shingoni, nasikia kinyaa mpaka leo. Wakati ule niliona fahari.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza darasa la nne na nimefaulu. Wasichana tuliofaulu tulikuwa wawili tu. Shule ya darasa la tano ilikuwa mbali, ya kulala hukohuko, na mwalimu alikuwa ametuma orodha: blanketi, sanduku, sare, na ada ya kuingilia. Vyote vingetoka kwenye pareto ile ya kilimani. Mama alishapiga hesabu yake ya viganja. Kwa vikapu sita kila siku, shule itakapofunguliwa kilima kitakuwa kimekwisha, kimekauka, na kimefika ghalani kwa karani wa chama cha ushirika. Aliniambia hivyo huku ananisuka. Akasema, "Itafika, mwanangu. Haitabaki siku, lakini itafika."

Baba alipoambiwa, alicheka mpaka akakohoa.

"Vikapu sita! Mama watoto, wewe unachuma pareto au unachuma chawa? Mimi kilima kile nakimaliza siku moja."

"Kukichuma ni siku moja," Mama akasema. "Utakianika wapi?"

"Kwanza kichumwe. Kuanika ni kazi ya kesho yake, nitaipanga kesho yake."

Akaitisha mgowe. Kwetu mgowe ni kuita kijiji kije kukusaidia shamba, nawe unawalisha na kuwanywesha pombe ya ulanzi. Ulanzi ulikuwa msimu wake, mianzi inatiririka, kwa hiyo watu hawakukosekana. Jumamosi asubuhi walikuja kama arobaini, na vikapu vyao, wanasalimiana, "Kamwene! Kamwene!", wengine wameshaonja njiani. Baba alikuwa na koti lake. Alipuliza filimbi, akawapanga mistari. Wanawake wa kijiji walimtania waziwazi.

"Nyapara, sisi tuna namba?"

"Wewe ni namba saba, shemeji. Kaa kwenye mstari."

"Namba saba ina njaa!"

"Namba saba itakula saa sita kamili, imo kwenye mpango!"

Wakacheka, wakaimba, wakapanda kilima. Jamani, nisiwadanganye, ilipendeza. Mikono ya watu arobaini ndani ya weupe ule, na nyuma yao kijani kinabaki. Nilifikiri hivi ndivyo kazi inavyotakiwa kuwa. Si viganja na kusikiliza maua kama mganga.

Mama alikuwa kibandani. Trei sita zilikuwa tayari na maua ya jana yake, kwa hiyo nafasi zilikuwa sita tu. Alizijaza sita zile kabla chai haijapoa. Akatandika mikeka chini, akajaza. Akatandika magunia, akajaza. Halafu akaniita. Uso wake ulikuwa na masizi, jasho limepita katikati ya masizi likaacha mistari.

"Kimbia kwa baba yako. Mwambie trei zimejaa na mikeka imejaa. Apige filimbi, watu wale, wanywe, wapalilie mahindi yaliyobaki. Pareto basi kwa leo. Nenda, usicheze njiani. Mimi siwezi kuacha moto."

Nilikimbia. Nilimkuta Baba juu kabisa kilimani, mguu mmoja kwenye jiwe, daftari mkononi, anaimbisha. Alinitazama akatabasamu. Baba hakuwa mtu wa kutabasamu ovyo. Nikasimama kando yake. Chini yangu naona theluthi moja ya kilima bado nyeupe, na watu wako moto. Nikafikiri: nikisema, filimbi italia, watu watasimama, watamcheka. Na mama atakuwa ameshinda na vikapu vyake sita. Na mimi nataka shule, na shule iko katika maua haya, sasa mtu anayazuiaje?

Sikusema. Nilisimama pale kiasi cha wimbo mmoja, nikarudi.

"Umemwambia?" Mama akauliza.

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Amesema bado kidogo."

Mama akafuta mikono kwenye khanga. Hilo jibu lilifanana sana na Baba, asingeweza kulitilia shaka. Akasema tu, "Haya. Leteni majamvi ya vitanda."

Jioni kilima kilikuwa kijani. Watu waliondoka wanayumba na kumsifu Nyapara mpaka barabarani. Baba aliketi kwenye kigoda akaweka alama ya vema, kubwa, mbele ya neno pareto, na safari hii ilikuwa kweli. Maua yalikuwa sebuleni mpaka usawa wa dirisha. Yalikuwa kitandani kwetu. Yalikuwa kwenye zizi la mbuzi, mbuzi wamefungwa nje. Kwa majirani hakukuwa na pa kupeleka, maana pareto ikichanua inachanua kwa wote, na kila kibanda kilikuwa kimejaa maua ya mwenyewe. Mimi nililala sakafuni nikiwa na furaha. Nilijiona tayari nina sanduku.

Mvua ilianza alfajiri, ukungu ukafuata, na havikuondoka siku tatu.

Siku ya pili Mama aliniambia nimsaidie kugeuza rundo la sebuleni. Nikatia mikono. Juu maua yalikuwa baridi na yamelowa. Kiwiko kilipoingia nikapiga kelele. Ndani kulikuwa na moto. Maua yalikuwa yamegeuka uji mweusi, unavuta kama kamasi, na mvuke ulipotoka niliusikia mpaka kooni: mkojo wa ng'ombe uliochacha, majani ya chai yaliyooza, na ule ukali wa pareto wenyewe juu yake. Nilitapika palepale. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo bado linanisisimua vibaya. Kitu kikioza, nzi huja. Hapa hakuna nzi aliyekuja, kwa sababu pareto ni sumu yao. Pembeni ya rundo kulikuwa na mende na nzi wamelala chali, wakavu, na katikati kitu kinaoza kimya bila hata mdudu wa kukishughulikia. Sijaona uozo mchafu kuliko ule. Kilichooza mbele yangu kilikuwa ni blanketi langu, sare yangu, darasa langu la tano, na mikono yangu ilikuwa ndani yake mpaka kwenye viwiko.

Mama aliongeza moto, trei za chini zikaungua. Aliokoa alichookoa. Tulibeba mzigo mpaka ghalani, karani akatia mkono gunia la kwanza, akaminya ngumi, akafungua kiganja akakinusa. Alikwenda kunawa. Aliporudi akasema, "Nyapara, hii kamwage mbali na kisima."

Baba alirudi nyumbani amevimba. Hakukaa. Aliuliza swali lake akiwa amesimama katikati ya sebule iliyokuwa bado inanuka, mbele ya wazee wawili waliotusindikiza.

"Mwanamke, wewe ndiye ulikuwa kibandani. Trei zilipojaa, kwa nini hukunipa habari?"

Mama alifungua mdomo. Halafu akageuka akanitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu. Kiasi cha mtu kuvunja ua moja na kusikiliza. Nikaona amejua. Nilisubiri aseme, na nilikuwa nimeshajiandaa kwa fimbo.

"Nilisahau," akasema.

"Ulisahau!" Baba akawageukia wazee. "Mnasikia? Mipango yote ile, watu arobaini, siku moja, na mke anasahau."

Wazee wakatikisa vichwa kwa huzuni ya kumhurumia mwanamume mwenye mipango mizuri na mke msahaulifu. Na Baba, hadi anakwenda kaburini, alisimulia hivyo. Kwenye ulanzi, kwenye harusi, hata msibani nimemsikia. "Siku ile nilimaliza kilima, mama watoto akasahau." Watu wanacheka. Mama naye alikuwa anacheka kidogo, anaendelea kugawa chakula. Mimi nimekaa, nakula.

Baba namsema, lakini kinyaa changu kikubwa si chake. Yeye alikuwa mjinga wa kawaida, dunia imejaa watu wanaopanga siku kwa ukubwa wa mdomo wao, na mmoja nimemwajiri mwenyewe. Mimi nilijua trei zimejaa. Niliziona kwa macho yangu. Ni kitu kingine hicho.

Shule ilipofunguliwa Mama alinishika mkono tukatembea mpaka huko, ili kumwambia mwalimu kwamba sitakuja, maana alisema si adabu kumwacha mtu anasubiri. Mwalimu alikuwa kijana, nadhifu, mwenye viatu vya kamba. Alitukaribisha ndani ya darasa. Madawati yalikuwa mapya, yananukia mbao. Mama akaeleza kwa kifupi kwamba pareto imeoza.

"Yote?" mwalimu akauliza.

"Karibu yote. Tulichuma mengi, trei zikawa chache."

"Sasa mama," akasema, kwa upole kabisa, "hiyo ndiyo shida yetu huku. Hatupangi kazi." Akachukua chaki. Akachora ubaoni mstari wa Jumatatu, Jumanne, Jumatano, akaandika chini ya kila siku kikapu kimoja, viwili, akamweleza mama yangu kwamba mtu hutazama kwanza ana nafasi ya kuanika kiasi gani, ndipo anachuma. Alieleza vizuri. Alirudia mara mbili, polepole, kwa Kiswahili chepesi, kama mtu anayemfundisha kiziwi.

"Umenielewa, mama?"

"Ndiyo, mwalimu," Mama akasema. "Asante kwa kutufundisha."

Alikuwa amekaa kwenye dawati, magoti yamepanda juu kwa sababu dawati lilikuwa la mtoto, mikono yake myeusi ameificha ndani ya khanga. Mwalimu akafuta ubao. Akafungua daftari lake la majina, akapiga mstari, kisha akanigeukia.

"Na wewe binti, una neno?"

Nilikuwa nalo. Lilikuwa mdomoni, tayari. Mama hakuniangalia, alikuwa anaangalia ubao uliofutwa.

"Hapana, mwalimu," nikasema, na hilo ndilo neno la mwisho nililowahi kusema ndani ya darasa.